Hesabu ya Nyumba Moja: Kuunganishwa na Mji au Kugeuka Mji, Ili Tupate Bomba la Majitaka

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na barabara zilivyojaa barafu. Naona wengine bado mmevaa sare za kazini, na wengine mnaingia zamu saa tano usiku, kwa hiyo nitasema niliyoyaandaa, kisha tuulizane.

Mnanijua. Nimezaliwa Mombasa, nimeishi hapa Minnesota miaka mingi, na kazi yangu ni uhasibu. Mabomba sikuyasomea. Lakini tangu kiangazi nimekaa na karatasi za jambo hili la kutafuta bomba la majitaka, nikazipigia hesabu kama ninavyozipigia hesabu za watu kazini, na kuna kitu kimenikaa moyoni. Katika mikutano yote miwili ya taunishipu yetu, yaani eneo letu lisilo mji lakini lenye bodi yake, watu walibishana juu ya mpaka wetu na mji jirani. Mji utatumeza, mji hautatumeza. Tutakuwa nani, tutaitwa nani. Hakusimama hata mmoja akasema nyumba moja, yenye familia moja ndani, italipa dola ngapi kwa miaka ishirini. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka tuifanye leo, na tuifanye kwa Kiswahili ili kila aliye hapa atoke akiwa ameielewa.

Niwaambie kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Majira ya baridi ya tatu tangu tununue nyumba yetu, theluji ilichelewa. Wengi tulifurahi. Hatukujua kwamba theluji ni blanketi la kile kilichofukiwa uani. Baridi ikashuka bila blanketi, na bomba linalotoka kwenye tangi la majitaka kwenda kwenye mitaro ya changarawe, ambako maji hunywewa na udongo, likaganda. Mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea kutoka nyumbani. Asubuhi moja akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu: "Mwanangu, njoo uone, maji yanapanda huku." Yalikuwa yanapanda kupitia tundu la sakafu la besimenti. Gari la kunyonya lilikuja mara nne mwezi ule. Mvua za masika zilipoanza akaja mkaguzi, akachimba na chombo chake, akatikisa kichwa. Kanuni za jimbo zinataka futi tatu za udongo usiojaa maji kati ya chini ya mitaro na pale maji ya ardhini yanapofika msimu wa mvua. Kwetu hazikutimia. Karatasi tuliyopewa wakati wa kununua ilisema mfumo ni mzima.

Wengine hapa mko katika hali ileile na mnanyamaza. Najua, kwa sababu mmenipigia simu. Majitaka yakitokeza juu ya ardhi, au yakirudi ndani ya nyumba, sheria ya Minnesota inauita mfumo huo hatari ya moja kwa moja kwa afya ya watu, na mwenye nyumba anatakiwa kuurekebisha ndani ya miezi 10. Kwa hiyo kukaa kimya kuna gharama, na saa imeshaanza kuhesabu.

Sasa njia mbili zilizowekwa mezani. Ya kwanza ni kuunganishwa na mji jirani: mpaka wao unasogea, ardhi yetu inakuwa yao, bomba lao linaletwa kwetu. Ya pili ni taunishipu yetu yenyewe kusajiliwa kuwa mji, iwe na meya na halmashauri yake, ili mji jirani usiweze kuendelea kuikata kipande kwa kipande. Zote mbili zinaongozwa na sura ya 414 ya sheria za Minnesota. Kuwa mji kunaweza kuanzishwa na azimio la bodi ya taunishipu au na sahihi za wenye mali 100 au zaidi, na anayeamua ni jaji wa sheria za utawala baada ya kusikiliza pande zote. Wanaosema tupige kura tu tuwe mji wiki ijayo wanatupunguzia safari ambayo ni ndefu, na mawakili hulipwa kwa saa.

Kabla ya tarakimu, nataka tuelewe kwa nini bomba ni ghali kwetu hata kabla hatujataja mji wowote. Nendeni barabarani mtazame nafasi kati ya nyumba na nyumba. Ndani ya mji wa zamani ploti inaweza kuwa na upana wa futi 60, na nyumba ziko pande zote mbili za barabara. Bomba linalopita katikati likigawanywa, kila nyumba inabeba futi 30. Kwetu ploti nyingi zina upana wa futi 200. Kila nyumba inabeba futi 100. Zaidi ya mara tatu. Na bomba hilo haliwezi kulazwa juujuu kama la kwetu Likoni. Kanuni za ujenzi za jimbo hili zinataka misingi ya nyumba ichimbwe inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini ili kukwepa barafu ya ardhini, na bomba la majitaka hushuka chini zaidi ya hapo kwa sababu lazima litelemke kwa mvuto wake lenyewe hadi kituo cha kusukumia. Mtaro wa kina hicho, kwenye udongo wenye maji, ndio unaokula pesa. Mnaweza kubadilisha jina la mahali hapa mara kumi, futi 100 zitabaki 100.

Chukueni kalamu. Nitakazotaja ni tarakimu za mfano nilizoweka mwenyewe ili tuone umbo la deni. Si bei ya mkandarasi wala ya mji wowote. Zikija za kweli, tutaziweka mahali pake.

Tuseme kulaza mabomba mtaani kwetu kunagharimu dola 6,000,000, na nyumba ni 300. Kila nyumba, dola 20,000. Hiyo hutozwa kama tozo maalumu, yaani malipo anayodaiwa mwenye mali kwa ajili ya mradi unaofika kwenye ardhi yake, na watu wengi husikia dola 20,000 wakadhani ndiyo habari yote. Tozo hii hupelekwa kaunti, ikaingia kwenye bili ya kodi ya nyumba. Ikigawanywa miaka 20 kwa riba ya asilimia 5, mwaka wa kwanza utalipa 1,000 za deni na 1,000 za riba, jumla 2,000. Inapungua kidogokidogo hadi mwaka wa mwisho unalipa 1,050. Ukijumlisha riba yote unapata 10,500. Kwa hiyo ile 20,000 kwa kweli ni 30,500. Na kama kodi yako hulipwa kupitia benki pamoja na mkopo wa nyumba, benki itapandisha malipo ya kila mwezi bila kukuuliza. Wenye akiba wajue hili: sheria inakuruhusu kulipa tozo yote ndani ya siku 30 tangu ipitishwe, bila riba hata senti moja.

Hiyo 30,500 iko kwenye njia zote mbili. Nyongeza nyingine iliyoko kwenye njia zote ni kutoa bomba kutoka nyumbani hadi barabarani na kulifukia tangi la zamani kwa utaratibu unaotakiwa. Nimeweka 6,000. Nyumba zilizorudi nyuma kabisa msituni zitalipa zaidi.

Sasa tuingie mjini. Mji utadai ada ya kuunganishwa na mtambo wake wa kusafishia majitaka, niweke 5,000. Bili ya majitaka niweke dola 40 kwa mwezi, ambayo kwa miaka 20 ni 9,600. Halafu kodi, ambayo ndiyo inayowatisha watu. Tuchukue nyumba ya dola 300,000 anayoishi mwenyewe. Baada ya punguzo la mwenye makazi, kipimo cha kodi, ambacho ni sehemu ndogo tu ya thamani ya nyumba, kinakuja karibu dola 2,800. Hicho ndicho kinachozidishwa kwa kiwango cha kodi. Kama kiwango cha taunishipu ni asilimia 15, unailipa taunishipu 420. Kama cha mji ni asilimia 45, unaulipa mji 1,260. Tofauti ni 840 kila mwaka. Kaunti na shule ni mambo mengine, hizo unazilipa popote ulipo.

Lakini sheria ileile ya 414 ina kifungu ambacho sijakisikia kikitajwa mkutanoni. Kiwango cha mji kinaweza kupandishwa kwetu kwa ngazi zilizo karibu sawa, kwa muda usiozidi miaka 6. Yaani mwaka wa kwanza nyongeza 140, wa pili 280, hadi wa sita ndipo 840 kamili. Kwa miaka 20 inakuwa 14,700 badala ya 16,800. Dola 2,100 kwa nyumba, mara nyumba 300, ni dola 630,000 zitakazobaki mifukoni mwa watu wa hapa. Hazibaki zenyewe. Lazima ziandikwe kwenye makubaliano.

Jumlisheni: 30,500 za mabomba, 6,000 za uani, 5,000 za mtambo, 14,700 za kodi, 9,600 za bili. Ni 65,800 kwa miaka 20.

Sasa tuwe mji wenyewe. Mji unahitaji karani wa kudumu, bima, wakili, mipango ya ardhi, mkataba wa polisi na kaunti au polisi wake. Kiwango cha kodi kitapanda, tuseme kutoka 15 hadi 35, si 45. Nyongeza ni 560 kwa mwaka, 11,200 kwa miaka 20. Hapo tumeokoa 3,500 tukilinganisha na kuunganishwa, na wanaotaka tuwe mji wana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Lakini mtambo je? Kuwa mji hakuleti mtambo wa kusafishia majitaka. Tukijenga wetu kwa dola 9,000,000, na tukabahatika kupata ruzuku ya nusu, zinabaki 4,500,000 kwa nyumba zilezile 300. Ni 15,000 kila nyumba, na kwa riba ileile inakuwa 22,875. Kisha kuuendesha: mwendeshaji mwenye leseni, umeme wa pampu, vipimo vya maabara, kuondoa matope. Mtambo mdogo una gharama nyingi zisizopungua kwa sababu watu ni wachache. Mwendeshaji analipwa mshahara uleule kwa nyumba 300 au 600. Niliweka bili ya dola 90 kwa mwezi, 21,600 kwa miaka 20. Jumla nzima inafika 92,175. Zaidi ya 26,000 juu ya ile ya kwanza.

Nilipofika hapo usiku ule, nikadhani nimemaliza. Nikalala. Kesho yake nikauliza swali moja zaidi: itakuwaje tukiwa mji, lakini tukanunua huduma ya mtambo wa jirani kwa mkataba? Kodi 11,200. Ada ya mtambo 5,000. Mabomba na uani ni vilevile. Mteja wa nje ya mji mara nyingi huzidishiwa bei, kwa hiyo badala ya 40 niliweka 60 kwa mwezi, 14,400. Jumla ikawa 67,100.

Tazameni hizo mbili. 65,800 na 67,100. Kwa miaka ishirini tofauti ni dola 1,300, chini ya dola 6 kwa mwezi. Mpaka, ambao umetugombanisha miezi minane hadi watu wakaacha kusalimiana kanisani na msikitini, kwa mfuko wa nyumba una uzito wa dola 6 kwa mwezi. Mzigo wenyewe uko kwenye mtambo: tunajenga wetu, au tunaingia kwenye uliokwisha jengwa?

Nami nina sababu ya kusema "uliokwisha jengwa". Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya maji safi, na serikali kuu ikaanza kutoa ruzuku ya asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya majitaka. Miji ya wakati ule ilijenga au kupanua mitambo yake kwa pesa za Washington. Mwaka 1981 sheria ilibadilishwa, ruzuku ikateremshwa hadi asilimia 55 kuanzia 1984. Mwaka 1987 ruzuku zile zikaanza kufungwa, mahali pake ikawekwa mifuko ya mikopo ya majimbo, ambayo inakopesha kwa riba nafuu lakini inataka ilipwe. Kwa hiyo majirani zetu wamekalia mtambo ambao msingi wake ulilipiwa na nchi nzima, na sisi tuliochelewa tunaambiwa tukope. Hakuna ubaya kukasirika. Ila ukishakasirika, jambo la busara ni kuingia kwenye mtambo ule, kwa sababu deni lake kubwa lililipwa na wengine.

Haki inadai niseme na upande wa pili: mikopo na ruzuku bado zipo. Jimbo lina mamlaka yake ya fedha za miundombinu, na idara ya kilimo ya serikali kuu, kupitia kitengo chake cha vijijini, hukopesha kwa muda wa hadi miaka 40 kwa mahali penye watu wasiozidi 10,000. Mahali padogo panaweza kufuzu ambapo mji mkubwa haufuzu. Hiyo ni hoja ya kweli. Lakini soma vizuri: miaka 40. Anayenunua nyumba hapa leo akiwa na miaka 45 atakuwa bado analipa akiwa na 85.

Kuna mfano wa kweli hapahapa Minnesota, si mbali. Taunishipu ya St. Augusta, kusini mwa St. Cloud, iliogopa kumezwa na St. Cloud. Mwaka 2000 ikasajiliwa kuwa mji, na kwa muda mfupi ikajiita Ventura, kwa jina la gavana wa wakati ule, Jesse Ventura. Mwaka huohuo wenyeji wakapiga kura kurudisha jina lao la St. Augusta. Walishinda vita vya mpaka. Lakini leo majitaka ya St. Augusta yanasafishwa wapi? Kwenye mtambo wa St. Cloud, pamoja na ya Sartell, Sauk Rapids, Waite Park na St. Joseph. Miji sita, mtambo mmoja, mikataba kati yao. Sisemi kwamba walikosea kuwa mji. Walikuwa na sababu zao, nami naziheshimu. Nasema wameishi mfano wangu wa tatu, ule wa 67,100, na wala hawakuhitaji kuwa sehemu ya St. Cloud ili maji yao yatelemke huko.

Mtu aliniuliza, kwani lazima tuwe mji ndipo tuwe na mkataba? Hapana. Sheria ya Minnesota inaruhusu taunishipu kuunda wilaya ndogo ya huduma kwa sehemu yake tu, kwa ombi la angalau nusu ya wenye mali wa sehemu hiyo, na wale tu wanaopata huduma ndio wanaotozwa. Wenye mashamba kule mashariki hawaguswi. Sijui kwa nini bodi yetu haijalileta hili mezani. Nimewaandikia barua, na nawaomba wenye sauti kuliko yangu mwaandikie pia.

Sasa niseme jambo ambalo halina tarakimu, kwa sababu limenisumbua zaidi ya tarakimu. Jumanne ya pili ya Machi kila mwaka taunishipu hufanya mkutano wake mkuu. Pale ukumbini wakazi wenye haki ya kupiga kura hunyanyua mikono na kuamua wenyewe kiasi cha kodi ya taunishipu. Wenyewe, bila kumwachia diwani. Nimeshuhudia mzee mmoja mfugaji akisimama na kupinga nyongeza ya dola elfu chache za barabara, akaeleza, watu wakamfuata. Ni kama baraza la mtaa, lakini baraza lenye mamlaka juu ya pesa. Tukiunganishwa na mji, mkutano huo unakufa. Na tukigeuka mji, unakufa vilevile, kwa sababu mji huamua kodi kupitia halmashauri. Wanaotaka tuwe mji ili kuuhifadhi utaratibu wetu wa zamani wanapaswa kulijua hili kabla ya kutia sahihi. Ni moja tu kati ya njia hizi inayouacha mkutano wa Machi hai, nayo ni ile wilaya ndogo ya huduma.

Na wale ambao bado hamjapata uraia, najua mnajiambia jambo hili si lenu. Kura ya Machi hamna, ni kweli. Lakini tozo maalumu inashika nyumba, haiulizi pasipoti, na haki ya kuipinga ni ya mwenye mali. Hapo nawaomba sana msikilize.

Sheria inasema tozo haiwezi kuzidi faida ambayo ardhi yako inapata, yaani ongezeko la bei yake sokoni kwa sababu ya bomba. Kama nyumba yako inapanda thamani kwa 12,000 na wamekutoza 20,000, una hoja. Ila kuna mlango mmoja tu wa kupitia. Lazima pingamizi liwe la maandishi, lenye sahihi yako, na likabidhiwe kabla ya kikao cha kupitisha tozo au kikaoni penyewe. Ukisimama ukazungumza kwa uchungu dakika kumi bila karatasi, haki ya kwenda mahakamani imepotea. Ukishakabidhi karatasi, una siku 30 tangu tozo ipitishwe za kuwasilisha taarifa ya rufaa kwa meya au karani, kisha siku 10 za kuisajili mahakama ya wilaya. Nimechapisha fomu 60, ziko pale kwenye meza ya chai. Hazina kitu ila nafasi ya jina, namba ya ploti, sababu na sahihi. Chukueni hata kama mnadhani hamtazitumia.

Wazee waliofikisha miaka 65, na waliostaafu kwa ulemavu wa kudumu: halmashauri inaweza kukuahirishia tozo kama kulipa ni mzigo. Inaweza, hailazimishwi. Na deni halifutwi, linangoja. Nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki, linaamka, isipokuwa mjane au mgane naye awe amefuzu. Waambieni watoto wenu, wasije wakalikuta kwenye karatasi za urithi.

Kuna kundi ambalo sijalitaja, nalo lina haki ya kusikika: wenye ploti kubwa, udongo mzuri wa mchanga, maji ya ardhini yako mbali chini. Kwenu mfumo mpya wa uani, tuseme dola 25,000, na kunyonya tangi kila miaka mitatu, dola 400 kila safari, kwa miaka 20 unafika karibu 27,800. Hiyo haifiki nusu ya njia yoyote niliyoisoma hapa. Mtu asiwadanganye kwamba bomba la mji ni rahisi zaidi kwenu. Si rahisi. Mnachohitaji ni sentensi moja ndani ya makubaliano: nyumba yenye mfumo uliopita ukaguzi haitalazimishwa kuunganishwa hadi mfumo huo ufe. Miji mingi huwa na kanuni ya kulazimisha kila nyumba bomba linapopita mbele yake. Lakini makubaliano huandikwa kabla ya bomba kupita.

Lakini na nyinyi wenye udongo mzuri, tazameni hesabu ya wenzenu. Nyumba 300 zikiwa 200 kwa sababu 100 zimejitoa, ile 20,000 ya kila nyumba inakuwa 30,000. Sisi tulioko bondeni, ambao hatuna pa kuchimba mitaro mingine, hatuna mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo nawaomba tuipime mitaa miwili, kila mmoja peke yake: bomba liende bondeni, kwenye ploti ndogo na maji ya karibu, na mlima, wenye udongo mzuri, ubaki na mifumo yake. Mhandisi akitakiwa kulipima hivyo, atalipima. Kufikia sasa ameambiwa apime taunishipu nzima au asipime kabisa.

Kama mkiniuliza mimi ningetia sahihi wapi: kwa bondeni, makubaliano ya hiari na mji jirani, yaliyojadiliwa na bodi yetu mbele yetu, yenye ngazi za kodi za miaka 6, kikomo cha tozo kwa nyumba, na kinga kwa mifumo mizima. Wakikataa masharti hayo, basi wilaya ya huduma na mkataba wa mtambo wao. Mtambo wetu wenyewe, kwa nyumba 300, sitausaini. Nimeupigia hesabu mara tano. Na kitu kimoja kidogo: mji ukitulipa fidia ya kodi iliyopotea, kama sheria inavyotaka kwa miaka kati ya 2 na 8, fidia hiyo huenda kwa taunishipu inayobaki, si kwa nyumba zilizounganishwa. Msije mkaiweka kwenye bajeti zenu.

Kikao cha bodi ni Jumatatu, saa moja usiku, ukumbi wa taunishipu. Nahitaji watu wanane wenye magari ya kuwachukua wazee wasioendesha usiku, na mtu mmoja wa kutafsiri kwa Kiswahili na mwingine kwa Kikisii, wakae mstari wa mbele. Mama wa pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja besimenti. Tuanze na wewe.